Kutua Ndiko Kunakohitaji Sababu

Ukungu wa alfajiri unapoulalia uwanja wa Jomo Kenyatta pale Embakasi, abiria aliyekaa dirishani haoni kitu ila weupe, na marubani wawili walio mbele yake hawamzidi kwa kuona. Wanachokifuata ni miale miwili ya redio inayorushwa kutoka uwanjani: mmoja unawaambia wako kushoto au kulia, wa pili unawaambia wako juu au chini ya mteremko wa nyuzi tatu. Mfumo huo, ambao duniani kote unajulikana kwa herufi tatu tu, ILS, unaweza kuishusha ndege ndani ya mawingu hadi futi 200 juu ya ardhi kwa daraja lake la kwanza, ambalo ndilo la kawaida. Futi hizo 200 zinaitwa kimo cha uamuzi. Rubani akifika hapo bila kuona anachotakiwa kuona, lazima aongeze nguvu za injini, ainue pua ya ndege na kupaa tena. Kwa mwendo wa kilomita 260 hivi kwa saa, kutoka kimo hicho hadi magurudumu yaguse lami ni sekunde kama 16. Watu wengi, wakiwemo wanaosimulia ajali magazetini, huamini kwamba uamuzi wote umo ndani ya sekunde hizo: rubani alitazama, akaona au hakuona, akaamua. Hoja yangu ni kwamba jina la kimo hicho linapotosha. Futi 200 ni mlango wa mwisho wa kutokea. Rubani anayeanza kuwaza kughairi akiwa hapo amechelewa, na kanuni inayomsubiri awaze hapo imechelewa pamoja naye.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Ndege iliyo futi 200 juu katika mteremko wa nyuzi tatu iko mita 1,160 hivi kutoka mahali itakapogusa, na zaidi ya mita 800 kutoka mwanzo wa njia ya kutulia. Sheria ya daraja la kwanza inaruhusu kutua hata pale mtu aliye kwenye njia anapoweza kuona umbali wa mita 550 tu. Maana yake, katika ukungu unaoruhusiwa kisheria, rubani aliyefika kwenye kimo cha uamuzi haioni njia hata kidogo. Anachokiona ni kipande cha safu ya taa zinazoitangulia njia, safu ambayo katika viwanja vikubwa huwa na urefu wa mita 900, na kwa taa hizo chache lazima ajue kama yuko katikati, kama mbawa ziko sawa, na kama ndege inaelekea panapotakiwa. Kwa hiyo kuona kitu hakutoshi. Kinachotakiwa ni alichokiona kithibitishe alichokuwa akikijua tayari kutokana na vipimo vyake. Kama hakuwa na uhakika kabla ya taa, taa hazitampa uhakika. Zitampa matumaini tu. Na macho nayo si shahidi wa kuaminiwa siku zote. Desemba 2013 ndege kubwa ya Ethiopian Airlines, Boeing 767 iliyokuwa ikienda Kilimanjaro, ilitua kwenye uwanja mdogo wa Arusha, mchana kweupe. Marubani waliiona njia vizuri kabisa. Ila haikuwa yao.

Wenye kutunga sheria wamelijua jambo hili siku nyingi, ndiyo maana uamuzi umekuwa ukisogezwa mapema kidogo kidogo. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinakataza ndege kuendelea kushuka chini ya futi 1,000 juu ya uwanja ikiwa taarifa zinasema umbali wa kuona ni mdogo kuliko kiwango kilichowekwa. Yaani haruhusiwi mtu kushuka kwenda kuchungulia. Mashirika ya ndege nayo yakaongeza sharti lao, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kimo cha uamuzi: mteremko uwe umetulia ndege inapofika futi 1,000 ikiwa mawinguni, au futi 500 ikiwa nje ya mawingu. Kutulia kuna vigezo vinavyopimika. Magurudumu yawe chini na flapu ziwe zimekunjuliwa kwa kutua. Mwendo usipungue ule uliokokotolewa wala usiuzidi kwa zaidi ya kiasi kidogo kilichotajwa. Ndege isishuke kwa zaidi ya futi 1,000 kwa dakika, injini ziwe na nguvu ya kutosha na zisiwe zimelala, na orodha ya ukaguzi iwe imeshasomwa. Asiyeijua kazi hii anaweza kuyaona masharti haya kuwa urasimu. Lakini ndege inayokuja kutua ni tani nyingi za mwendo na kimo vinavyotakiwa kumalizwa vyote kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Ikija juu mno, rubani ataishusha kwa kasi. Akiishusha kwa kasi, mwendo utazidi. Mwendo ukizidi, ndege itaelea juu ya lami na kula njia. Deni hilo haliishi kwenye futi 200. Linalipwa mwisho wa njia.

Tuutazame uwanja wa Mangalore, kusini mwa India, asubuhi ya tarehe 22 Mei 2010. Boeing 737 ya Air India Express ilikuwa ikitoka Dubai na watu 166. Njia ya Mangalore imechongwa juu ya kilima, kingo zake zinaangukia bondeni. Rada ya eneo ilikuwa haifanyi kazi, hivyo ndege ilibakizwa juu kwa muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kuruhusiwa kushuka. Rubani mkuu alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilinasa hata mkoromo wake. Alipoishika kazi ya kutua, ndege ilikuwa karibu mara mbili ya kimo kilichotakiwa. Akaiporomosha ili aufukuzie mteremko. Mtambo wa tahadhari ukawa unapiga kelele kwamba ndege inashuka kwa kasi mno, na unaamuru iinuliwe. Rubani msaidizi alimtaka mara tatu mkuu wake aghairi. Hakughairi. Ndege iligusa lami ikiwa imeshapita futi 5,200 za njia yenye futi 8,033, na hata hapo, wachunguzi walivyokuja kuonyesha, ingeweza kusimama kama angekaza breki mpaka mwisho. Badala yake rubani mkuu, breki zikiwa tayari zimeanza kazi, akabadili nia na kujaribu kupaa. Ndege ikapita mwisho wa njia na kuangukia korongoni. Wakafa watu 158, wakasalia wanane.

Miaka 10 kamili baadaye, tarehe ileile ya 22 Mei, mwaka 2020, Airbus A320 ya shirika la ndege la Pakistani iliingia Karachi kutoka Lahore ikiwa juu kupita kiasi. Mwongozaji wa ndege aliwaambia marubani kuhusu kimo chao. Wakajibu kwamba wanamudu. Magurudumu, ambayo walikuwa wameyashusha mapema, wakayarudisha juu, wakaja mpaka chini bila kuyashusha tena, injini zikasugua lami huku cheche zikiruka. Hapo ndipo walipopaa. Injini zote mbili zilikuwa zimeshaumia, zikazima, na ndege ikaangukia nyumba za watu jirani na uwanja. Kati ya watu 99 waliokuwemo walipona wawili. Ajali hizi mbili zinafundisha kitu kimoja ambacho takwimu haziwezi kukionyesha kwa uwazi huo: marubani wote walikuja kughairi, ila walighairi wakati ambapo kughairi kumekuwa hatari kuliko kubaki chini. Kama angekuwepo mtu wa kuwauliza wakiwa futi 1,000 juu, jibu lilikuwa wazi kwenye vipimo vyao. Hapakuwa na ukungu wa kuulaumu, wala hapakuwa na kitu kigumu cha kuona. Kilichokuwa kigumu ni kuuacha mpango. Mtu aliyesafiri saa nyingi, uwanja uko mbele, kazi imebaki dakika moja, akili yake huanza kuokota kila dalili inayosema inawezekana na kuipuuza kila inayosema haiwezekani. Hilo si suala la uzembe. Marubani wenye maelfu ya saa angani wamenaswa nalo.

Taasisi ya Marekani ya Flight Safety Foundation ilitoa mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi wake wa miaka kadhaa kuhusu jambo hili. Kwa hesabu zake, miteremko isiyotulia ni kama asilimia 3 hadi 4 ya yote. Lakini kati ya hiyo isiyotulia, asilimia 97 inaendelezwa hadi kutua, ingawa kanuni za mashirika yenyewe zinataka ighairiwe. Ikaongeza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajali za ndege kutoka nje ya njia ya kutulia zingeweza kuepukwa kama uamuzi wa kughairi ungechukuliwa. Ni vigumu kuipata kanuni nyingine ya usalama wa anga inayovunjwa kwa kiwango hicho. Rubani asiyethubutu kuruka bila kusoma orodha ya ukaguzi, anayekataa kuondoka kwa sababu taa moja ya tahadhari inawaka, huyohuyo anaivunja hii mchana na kwenda zake nyumbani kulala.

Pingamizi la kwanza linatoka hapohapo. Kama asilimia 97 ya miteremko isiyotulia inaishia kwenye kutua, na karibu yote hiyo inatua salama, je, si ushahidi kwamba marubani wanajua wanachokifanya, na kwamba vigezo ndivyo vilivyokazwa mno? Pingamizi hili lina nusu ya ukweli, nami sitaki kulipita kwa haraka. Uchunguzi huo wenyewe uligundua kwamba marubani wengi, hata na mameneja wao, hawaviamini vigezo vya kampuni zao. Wanaviona haviendani na hali halisi ya viwanja vyenye msongamano, ambako waongozaji huwabana waje kwa kasi na kuwageuza wakiwa karibu. Kanuni isiyoaminiwa na anayetakiwa kuifuata hufundisha jambo moja tu, nalo ni kuvunja kanuni. Ndege iliyozidi mwendo kidogo kwenye futi 1,000 huku mwendo ukipungua vizuri si sawa na ndege ya Mangalore, na kuzitia kapu moja ni kuwanyima marubani njia ya kutofautisha. Nakubali basi kwamba milango ya kughairi iwe michache, iwekwe mahali ambapo rubani mwenye akili timamu ataikubali, hata kama ni chini ya futi 1,000. Ila nusu nyingine ya pingamizi hilo ni ya kukataliwa. Kutua salama baada ya mteremko mbaya hakumthibitishii rubani ustadi wake, kwa sababu hajui ni kiasi gani cha usalama ule kilitoka kwake na kiasi gani kilitoka kwenye njia ndefu, lami kavu na upepo wa mbele. Kila anapofanikiwa mpaka wake unasogea, na hakuna kengele inayomwambia umesogea mara ngapi. Atakuja kuujua siku atakapokutana na njia fupi, iliyolowa, na upepo umempiga mgongoni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaopigia debe kughairi mara nyingi hulikwepa: kupaa tena nako kunaua. Agosti 2000, Airbus ya Gulf Air iliyotoka Cairo ilighairi kutua Bahrain usiku, ikazama baharini na watu wote 143. Novemba 2013, Boeing ya Tatarstan Airlines ilighairi Kazan, Urusi, ikapiga pua chini na kuua watu 50. Machi 2016, Boeing ya Flydubai iliyokuwa imeshaghairi mara moja Rostov-on-Don na kuzunguka angani karibu saa mbili ikisubiri hali ya hewa, ilighairi mara ya pili na kuanguka. Watu 62 wakafa. Sababu haiko mbali. Ndege iliyotumia karibu mafuta yake yote ni nyepesi. Injini zikifunguliwa zote kwa nguvu kubwa inaruka mbele na juu kwa kishindo ambacho rubani hakukizoea. Ndani ya sikio la mwanadamu, kusukumwa mbele na kuinuliwa pua ni hisia moja. Gizani au mawinguni, bila upeo wa kutazama, mwili unamwambia rubani kwamba ndege inabinuka, naye anasukuma usukani ili kuishusha pua, na kadiri anavyosukuma ndivyo anavyozidi kuamini anafanya sawa. Pale Dubai, Agosti 2016, ilikuwa kasoro ya aina nyingine: Boeing 777 ya Emirates iligusa lami, ikaruka tena, wakabonyeza swichi ya kupaa bila kujua kwamba swichi hiyo haifanyi kazi magurudumu yakishagusa, wakakunja magurudumu huku injini zikiwa hazijaongezwa nguvu. Abiria na wafanyakazi wote 300 walitoka hai. Zimamoto mmoja akafa kazini.

Je, orodha hiyo inavunja hoja? Inaisahihisha, na naiona pia inaitia nguvu. Kwanza inaonyesha kwamba kughairi ni kazi ya urubani inayohitaji mazoezi kama kutua kwenyewe, wakati kwa rubani wa kawaida wa safari fupi hutokea mara moja au mbili kwa mwaka, pengine chini ya hapo. Kwenye mashine za mafunzo huifanya mara nyingi zaidi, lakini karibu daima injini moja ikiwa imezimwa, kwa sababu ndivyo mtihani unavyotaka. Kupaa na injini zote mbili zikinguruma, ndege nyepesi, kimo cha kusimamia kikiwa karibu, hawakufanyi vya kutosha. Pili, inaonyesha tofauti kati ya kughairi kulikopangwa na kughairi kwa mshtuko. Kinshasa, tarehe 4 Aprili 2011, ndege ndogo iliyokodiwa na Umoja wa Mataifa kutoka Goma kupitia Kisangani iliusogelea uwanja wa N'Djili dhoruba ikiwa imeukaribia. Marubani waliendelea kushuka, wakaja kughairi wakiwa chini mno, upepo mzito unaoporomoka kutoka kwenye wingu la radi ukawakandamiza. Kati ya watu 33 alipona mmoja. Waliamua kughairi, na uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni futi chache za kuutimiza. Rubani aliyekubaliana na mwenzake wakiwa bado juu, kwa maneno, kwamba "tusipotulia futi 1,000 tunapaa, pua nyuzi kadhaa, nguvu kiasi fulani, kimo cha kusimama ni hiki", anapoghairi anatekeleza tu. Anayeghairi kwa kushtukia anatunga na kutekeleza kwa pumzi moja.

Tukifika hapa tunakutana na suala la nani ana haki ya kusema. Guam, Agosti 1997: Boeing 747 ya Korean Air inaukaribia uwanja usiku katika mvua, mwale wa mteremko wa ILS umezimwa kwa matengenezo na marubani wametaarifiwa, lakini rubani mkuu anashuka mapema mno kuelekea kilima. Wasaidizi wake wawili walikuja kutaka waghairi zikiwa zimebaki sekunde chache. Watu 228 wakafa. Mangalore msaidizi alisema mara tatu na bado haikusaidia, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ombi, na ombi hujibiwa na mwenye cheo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hili. Kijana aliyelelewa kuanza na shikamoo, anayemwita mkuu wake mzee, atatanguliza samahani kabla ya kumwambia mtu aliyemzidi umri miaka 20 kwamba anakosea, na samahani moja ina sekunde mbili ndani yake. Wapo wanaojibu kwamba kapteni ndiye mwenye ndege kisheria, na amri mbili ndani ya chumba kimoja ni fujo. Ni kweli kuhusu amri nyingine zote. Lakini kughairi si amri ya kumpinga mtu. Ni kurudi kwenye hali salama ambayo wote wawili waliikubali kabla. Mashirika kadhaa yameweka kanuni kwamba yeyote kati ya marubani wawili akitoa wito wa kughairi, anayeendesha anapaa kwanza, maswali baadaye, na hakuna anayeulizwa kwa nini alikuwa mwoga.

Upo utaratibu mmoja ambao naona ndio umelielewa tatizo hili kuliko mwingine wowote. Katika hali mbaya ya hewa, rubani msaidizi ndiye anayeiendesha ndege akiangalia vipimo tu, haruhusiwi kuinua macho. Rubani mkuu anatazama nje. Ndege ikifika kwenye kimo cha uamuzi, kama mkuu ameiona njia ya kutosha, anasema anachukua usukani na anatua. Kama hajaona, hatakiwi kusema chochote. Akinyamaza, msaidizi anapaa. British Airways wameutumia utaratibu huo kwa miaka mingi. Tazama ulivyogeuza mzigo: kwa kawaida kimya maana yake tuendelee, na anayetaka kughairi ndiye anayetakiwa kupata ujasiri, maneno na sababu. Hapa kimya ndicho kughairi. Anayetakiwa kuleta ushahidi ni anayetaka kutua. Hata kama rubani mkuu amepigwa na bumbuwazi, hata kama amezimia, ndege itapaa. Hilo ndilo ninalolitaka kwa kila mteremko, ukungu uwepo usiwepo.

Yapo mafuta na fedha, bila shaka. Nahodha wa jahazi asiyeuona mlango wa mwamba usiku alikuwa na nafuu moja ambayo rubani hana: alitia nanga nje akangoja kupambazuke. Nanga ya rubani ni mafuta, na inayeyuka kila dakika. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ya injini za jeti ibebe mafuta ya kufika uwanja wa akiba na juu yake dakika 30 za kuzunguka, lakini kampuni inayomsimanga rubani kwa kila tani ya ziada aliyojaza inamkatia kamba ya nanga akiwa bado ardhini. Novemba 1989, Boeing 747 ya British Airways kutoka Mauritius kupitia Bahrain ilifika London asubuhi ya ukungu mafuta yakiwa yamepungua, ikashuka chini ya futi 100 ikiwa nje ya mstari wa njia kabla rubani hajaghairi. Ilitua salama mara ya pili, lakini yeye alifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Sitetei alivyochelewa. Ila marubani wote waliosoma kesi ile walijifunza kwamba kughairi kunaacha karatasi, na kutua hakuachi. Gharama ya kupaa tena ni dakika 10 au 15 na mafuta yake; shirika linaloshindwa kuilipa lisingeanza biashara ya ndege.

Kwetu suala hili lina uso wake. Viwanja vikubwa vya Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Kilimanjaro vina ILS, lakini vingi vya mikoani havina, na rubani hutegemea macho, au setilaiti pale utaratibu wake ulipoandaliwa. Bukoba ni kimojawapo cha visivyo na ILS, na tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikijaribu kutua hapo katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria. Watu 19 kati ya 43 wakafariki. Pasipo na mwale wa redio wa kumwambia rubani yuko wapi, milango ya kughairi inatakiwa iwe mapema zaidi na migumu zaidi, si milegevu kwa sababu uwanja ni mdogo na safari ni fupi. Hata penye vyombo, namba moja iliyosikika vibaya inatosha. Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inashuka kwenda Embakasi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 juu ya bahari, marubani wakaweka 5,000. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300. Ilitoka mawinguni na kukuta ardhi iko pale. Ikainuliwa ikiwa futi zipatazo 70 tu juu ya mbuga. Abiria wake walitua baadaye kama kawaida.

Abiria naye ana sehemu yake katika presha hii, kwa malalamiko ya kuchelewa na kwa picha anazorusha mtandaoni akisema rubani ameshindwa kutua. Siku ndege yako itakapokuwa karibu kugusa lami ya Embakasi, ghafla injini zikanguruma, kiti kikakusukuma mgongoni na nyumba za Mlolongo zikaanza kudidimia tena kwenye ukungu, usimbane mhudumu kwa maswali. Kapteni hatasema neno kwa dakika kadhaa, kwa kuwa wakati huo anakunja magurudumu, anapunguza nguvu za injini, anaongea na mnara na kuhesabu mafuta. Tangazo litakuja mkono wake utakapokuwa huru.